Grisi

Siku ya tisa, Bombo, dawa ya usingizi ikapunguzwa,
nikaibuka kama ndoo kisimani, nzito, inavuja.
Kinywani bomba, kidoleni kibanio chenye taa nyekundu,
na mashine pembeni inanivutia pumzi:
puu, kimya, puu.
Niliuita mguu wa kulia. Haukuitika.
Miaka thelathini na moja nakaza spoku za watu Ngamiani,
leo paja langu mwenyewe limenywea
kama tyubu iliyochomwa na mwiba.

Akaja binti mfupi, lafudhi ya Lushoto.
"Naitwa Nakijwa. Mimi ni wa mazoezi."
Mwanakombo, mke wangu, ndani ya gauni la wageni linaloburura chini:
"Mazoezi gani? Mtu hajui kama yu hai!
Mwache alale. Usingizi ndiyo dawa ya mgonjwa."
Nakijwa hakubishana.
Alikishika kifundo changu, akakikunja, akakikunjua, polepole,
kama anayejaribu kufuli la nyumba iliyohamwa.
"Mama," alisema bila kugeuka, "kitanda kinakula.
Kila siku anayolala tuli kinamega.
Hakianzi na mfupa. Kinaanza na nyama."

Kesho yake alileta kioja:
pedali mbili juu ya fremu ya chuma,
mafundi wa karakana wameiunga kutoka baiskeli kuukuu.
Akaifunga miguuni pa kitanda, nyayo zangu akazifunga kwa bendeji.
Hiza, nesi wa zamu, akakusanya mirija yangu mkononi
kama mtu anayechunga mbuzi watano kwa kamba tano,
jicho kwenye skrini.
"Oksijeni ikishuka chini ya themanini na nane, tunaacha."
"Sawa. Twende, fundi."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa Nakijwa;
mimi nilikuwa mzigo tu kwenye keria.
Wa tano, au wa sita,
nusu duara ilikuwa yangu.

Hapo nikaisikia.
Krii.
Kila ikizunguka, krii, upande wa kushoto.
Gololi kavu!
Watu wazima, na vyeti vyao ukutani,
wanazungusha chuma kikavu!
Nikainua kidole. Hiza akadhani ni maumivu.
Nakijwa akauliza kama nataka choo.
Mwanakombo akaanza kulia: alijua nausia.
Nikaandika hewani mpaka wakaelewa, wakanipa kalamu,
kalamu nzito kuliko spana namba ishirini na nne.
Herufi moja ilipanda, moja ikaanguka nje ya karatasi.
Maharage yangeiva.

GRISI.

Puu, ilisema mashine.
Kisha Mwanakombo akacheka,
kicheko cha kwetu uani, cha kumwaga maji ya ndoo.
"Ndiye," akasema, machozi bado shavuni. "Ndiye huyu, mwenye kero zake.
Mzungusheni."

Siku ya kumi na nne bomba lilikuwa limeshatoka,
koo limebaki na msasa.
Mkanda kiunoni, Hiza kushoto, Nakijwa mbele yangu anarudi kinyumenyume,
na magoti yangu yanabishana nani aanze.
Kutoka kitandani hadi kiti cha plastiki cha bluu.
Nilihesabu kama tunavyohesabu mitaa yetu:
barabara ya kwanza,
ya pili,
ya tatu, nikayumba, wakanidaka,
ya nne.
Kwangu ni ya kumi na sita.

Nilikaa nikihema kama niliyebeba gunia la mkaa kutoka Pongwe.
Kitanda cha pili alikuwepo kijana wa bodaboda,
macho yamefumba, puu, kimya, puu,
mama yake amemshika kidole gumba cha mguu
kana kwamba kitakimbia.
"Mwacheni apumzike," alikuwa anasema.
Mwanakombo akavuta kigoda, akakaa kando yake.
Nakijwa alikwisha isogeza ile fremu, anafunga bendeji.

Nikatega sikio.
Mzunguko mmoja. Wa pili.
Haikulia.